Maakuli ya Mchana Siku ya Mpira: Nasaha kwa Watu wa Busia na Malaba

Karamu ya mchana baina ya masahibu, inapoandaliwa siku ya mpira katika baa ya heshima iliyo karibu na uwanja, aghalabu haiharibiwi na mpishi asiyejua kazi yake wala na nyama ngumu, bali huharibiwa na saa. Watu hukubaliana kukutana saa saba, wakawasili saa nane, wakaagiza kuku wa kienyeji ambaye wakati huo bado anatembea uani akidonoa punje. Na saa tisa kipenga kinapolia uwanjani, wao wangali mezani mbele ya sahani tupu, nusu yao wakitaka kuondoka na nusu wakitaka kungoja, na mwenyeji wao yuko katikati kama kadhi aliyeletewa kesi isiyo na shahidi. Nasaha ninazozitoa hapa ni kwa ajili ya huyo mwenyeji, hasa akiwa mkazi wa Busia au Malaba upande wa Kenya, kwa kuwa mpaka una tabia zake, na mambo ambayo mtu wa Nairobi au Mombasa hana haja ya kuyawaza, kwetu sisi ni ya lazima.

Haja ya kulizungumza jambo hili imezidi katika miaka ya karibuni kwa sababu mpira wenyewe umetukaribia. Mkazi wa Malaba ambaye zamani alilazimika kwenda Nairobi ili aone mchezo katika uwanja wenye hadhi, leo anaweza kufika Kanduyi, pembeni mwa mji wa Bungoma, kwa mwendo usiotimia saa moja barabara ikiwa wazi, akaingia Uwanja wa Masinde Muliro uliokarabatiwa kwa sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2024. Na mkazi wa Busia, licha ya uwanja wa mji wake mwenyewe, anayo Bukhungu ya Kakamega upande mmoja na Mamboleo ya Kisumu upande wa pili. Mwezi wa Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa kwa pamoja michuano ya CHAN, na Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limekabidhiwa nchi hizo hizo tatu. Kwa hiyo misafara ya mashabiki wanaovuka mpaka, hawa wakielekea Namboole na wale wakielekea Kasarani, itaendelea kupita katika miji yetu, na wasafiri wenye njaa watatuuliza pa kula.

Ichague nyumba kwa jiko lake, wala usiichague kwa runinga zake. Nasema hivi hali nikijua kwamba napingana na ada ya vijana, ambao hupima ubora wa baa kwa idadi ya vioo vilivyotundikwa ukutani. Lakini anayekwenda uwanjani saa tisa ana haja gani ya runinga saa saba? Jina la nyumba sitalitaja hata moja, maana wapishi huhama na wenye mali hubadilika, na sifa iliyoandikwa leo huweza kuwa uongo kabla ya mwaka kwisha. Nitataja alama tu. Nenda siku isiyo na mechi, yapata saa tano na nusu ya mchana, uagize chai, ukae mahali unapoweza kuona nyuma ya nyumba. Ukiona makaa yamekwisha kolea na mbavu za kwanza zimo juu ya chuma, na mtu ameketi na sinia la mboga akizichambua jani kwa jani, hapo pana jiko. Ukimsikia mhudumu akipiga simu kuuliza kama nyama imefika, umekwisha jibiwa bila kuuliza. Pita pia msalani na penye bomba la kunawia mikono, utazame kama maji yapo na sabuni ipo, kwa kuwa nyumba iliyoshindwa na mambo hayo siku ya wateja ishirini haitayaweza siku ya wateja mia tatu.

Meza iwe chini ya paa. Bustani ni nzuri, na vibanda vya makuti vilivyopangwa chini ya miembe huvutia macho, lakini katika nchi hizi za karibu na Ziwa Victoria mvua ina mazoea ya kuja alasiri, ikitanguliwa na upepo wa ghafla unaopeperusha karatasi za bili na kutia vumbi katika kachumbari. Na iwe mbali na spika, kwani marafiki waliokutana baada ya miezi mingi wakilazimika kupigiana kelele masikioni, chakula hugeuka kazi.

Kati ya miji hii miwili, mimi huipendelea Malaba kwa kula na Busia kwa kukaa. Jiko la Malaba limefunzwa na madereva wa malori, watu wanaotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na Kongo, ambao hawana saa maalumu ya kula na hawana subira ya kungoja. Kwa hiyo hata baa zake za hadhi zina desturi ya kuwa na kitu motoni tangu asubuhi. Busia, ambao ni mji wa ofisi za kaunti, wa mashirika na wa mikutano, una nyumba zenye viti laini zaidi na wahudumu wenye maneno matamu zaidi, na jikoni mwake mambo huenda kwa taratibu ya warsha, yaani huiva saa saba kamili kwa watu waliohesabiwa tangu jana. Ukiingia Busia bila kujitangaza siku ya mpira, basi usimlaumu mtu.

Liko pia jambo la sheria, ambalo wengi hulijua kwa uvumi tu. Kwa sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi wameizoea kwa jina la Mututho, mbunge aliyeipigania, baa ya kawaida hairuhusiwi kuuza pombe kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi, wala kabla ya saa nane mchana siku za Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ama hoteli na mkahawa wenye leseni zao, hao huwa na masharti mengine kwa mteja anayekula. Mwenyeji mwenye hadhari huuliza mapema nyumba aliyoichagua ina leseni ya namna gani, asije akawaahidi wageni wake bia baridi saa sita, kisha wakaletewa soda na radhi nyingi. Kwa maoni yangu soda haina hasara. Mtu anayekwenda kukaa juani kwa saa mbili, katika jukwaa ambalo huenda halina kivuli, akianza na bia tatu saa sita, kipindi cha pili atakiona kwa jicho moja.

Sasa nirudi kwenye saa, kwa kuwa ndiyo asili ya nasaha hizi. Saa ya maakuli huhesabiwa kinyumenyume, kuanzia kipenga kurudi asubuhi. Mpira ukiwa wa saa tisa, inafaa muwe mmekwisha keti uwanjani saa nane na nusu, maana mlangoni kuna foleni, kuna kupekuliwa, na siku hizi kuna tiketi za simu ambazo kila mtu huanza kuitafuta yake anapofika mbele ya askari. Basi meza iachwe saa nane kamili, ikiwa uwanja u karibu kwa miguu. Bili iitwe saa saba na nusu. Chakula kiwe mezani saa sita na nusu. Na wageni waambiwe saa sita kasoro robo, kwa sababu anayeambiwa saa sita huondoka nyumbani saa sita. Ikiwa mpira uko Kanduyi nanyi mnakula Malaba, rudisha kila kitu nyuma kwa saa moja na nusu, au fanya lililo bora, ambalo ni kula Bungoma kwenyewe.

Ukishaipata hesabu hiyo utaona mara moja kwamba kuku wa kienyeji hawezi kuagizwa mezani. Kuku huyu, ambaye kwa Waluhya ndiye heshima ya mgeni na ambaye firigisi yake hawekewi mtu yeyote ila mkubwa wa meza, huchinjwa, akanyonyolewa, akababuliwa motoni, akachemshwa hadi alainike, ndipo akakaangwa na kutiwa mchuzi. Na akiwa jogoo aliyekwisha ona misimu kadhaa, saa mbili hazimtoshi. Mpigie simu msimamizi wa jiko, siyo mhudumu, kabla ya saa nne asubuhi, umwambie idadi ya kuku na saa ya kula, na umtumie sehemu ya fedha, kwa kuwa ahadi isiyo na amana husahauliwa mara tu anapoingia mteja aliyesimama. Samaki ni mwepesi zaidi. Ngege anayetoka Sio Port au Port Victoria, ambazo zote zimo katika kaunti yetu, hukaangwa mzima na kuwa tayari kwa muda usiozidi dakika arubaini, nawe una haki ya kuletewa akiwa mbichi ili uinue shavu lake uone kama ndani pana wekundu. Likiwa la kijivu, geukia kitu kingine bila haya.

Nyama choma ina adabu zake, na hapa mwenyeji asiketi. Asimame mwenyewe mbele ya dirisha la bucha lililo ndani ya baa, achague kwa kidole paja au mbavu za mbuzi, aitazame mizani kabla nyama haijawekwa ili aone kama mshale umelala kwenye sufuri, kisha aseme kwa sauti ya kusikika uzito anaoutaka, maana neno “kilo mbili hivi” huzaa kilo tatu siku zote. Watu sita wanaokula na ugali hutosheka na kilo tatu zenye mifupa. Nyama ikirudi juu ya ubao, mkataji husimama mezani na kisu chake na kirundo cha chumvi pembeni, akauliza kama akate vipande vidogo au vikubwa: mwambie vidogo, kwa sababu vikubwa hupoa nje kabla ya kuliwa ndani, na mwambie pia ugali uletwe baada ya nyama kufika, usitangulie hata kwa dakika tano. Mboga, ziwe sukuma au mrenda au kunde, ziagizwe maridhawa. Mara nyingi ndizo zinazosifiwa njiani kurudi, ilhali ndizo zilizogharimu kidogo kuliko vyote.

Kabla ya hayo yote waulize wageni wako wanachokula na wasichokula, na uwaulize faraghani. Katika watu sita wa nchi yetu hii utampata Mwislamu anayetaka kujua nani amechinja, utampata Msabato ambaye Jumamosi hatatoka nawe kamwe na ambaye samaki wasio na magamba hawamhusu, na utampata mfuasi wa Kanisa la Marafiki kutoka Bungoma au Kakamega ambaye hanywi na hapendi kushurutishwa. Iwapo jiko hilo huchoma pia nguruwe, uliza kama vyuma ni viwili au kimoja. Msimamizi mwaminifu atakujibu waziwazi, na anayesitasita amekupa jibu.

Mgeni wa kutoka Uganda anahitaji fungu lake. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda waliruhusiwa kusafiri baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, na katika vituo vya pamoja vya mpakani, kama kile cha Busia kilichozinduliwa na Marais Kenyatta na Museveni mwezi wa Februari 2018, anayetoka Uganda humaliza shughuli zote za kutoka na kuingia upande wa Kenya, kwa dirisha moja hadi jingine. Mwambie mgeni wako aje kwa miguu. Gari lina karatasi zake na bima yake ya kuvukia, na siku ambayo foleni ya malori ya Malaba imeamua kurefuka kuelekea Amagoro, mwenye gari dogo hubanwa pamoja na mwenye trela, ilhali aliyeshuka upande wa pili akavuka kwa miguu, kisha akakwea bodaboda, hufika kabla supu haijapoa. Simu yake nayo itamchezea, kwa kuwa mitandao ya nchi mbili huvutana hapa, na mtu aliyeketi Kenya akala Kenya hupokea ujumbe wa kumkaribisha Uganda na kutozwa gharama za ugenini. Afunge mtandao kwa mkono katika mipangilio ya simu, au mkubaliane mahali na saa mapema kiasi cha kutohitaji kupigiana. Kuhusu fedha, shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa shilingi za Uganda baina ya 25 na 30 katika miaka hii, na si vyema mgeni akatoe bunda lake na kuanza hesabu mbele ya watu; aliyemwalika na alipe, naye atalipa siku mtakapokula matoke kwake Tororo.

Mazungumzo mezani yatakwenda yenyewe, ila mwenyeji awe macho na milango miwili. Mlango wa kwanza ni mipaka. Ni kweli kwamba nchi yetu yote hii ilikuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, Waingereza walipoihamishia upande wa Kenya kwa kalamu, na ni kweli kwamba Wateso na Wasamia wana mashangazi na wajomba pande zote mbili. Jambo hilo likisemwa kwa kicheko huwa tamu, lakini likikutana na mzee anayeikumbuka 1976, Idi Amin alipoyadai mashamba yetu hadharani, kicheko hupungua. Mlango wa pili ni mpira wenyewe. Wapenzi wa AFC Leopards na wa Gor Mahia huweza kula sahani moja kwa sababu utani wao umekwisha pata jina la ushemeji, na shemeji hutaniwa bila kutukanwa. Ama baina ya Mkenya na Mganda, kumbukumbu ya CHAN inawafaa wote, kwani Kenya ilitolewa na Madagascar kwa penalti Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025, na Uganda ikatolewa na Senegal kesho yake, hata hapana wa kumcheka mwenziwe.

Inabaki bili, nayo ndiyo iliyovunja urafiki mwingi kuliko chama chochote cha mpira. Mambo ni mawili tu yanayokubalika: ama aliyealika analipa yote, ama mmechanga kabla. Ikiwa ni mchango, mtu mmoja awe mweka hazina, apokee fedha kwa M-Pesa tangu siku iliyotangulia, na kiasi kiwe sawa kwa kila mmoja, isipokuwa wasiokunywa, ambao hesabu ya vinywaji isiwaguse kabisa, kwa kuwa ni dhuluma mtu wa chai kumlipia mtu wa bia. Chupa tupu zisiondolewe mezani hadi bili imesomwa: ni desturi nzuri ya baa zetu, na mhudumu mwenye busara mwenyewe huzipanga kwa safu pembeni, zile za Tusker kando na zile za soda kando, ili hesabu ionekane kwa macho ya wote. Soma bili mstari kwa mstari, bila ghadhabu. Kosa likiwepo, mwite mhudumu kando umwonyeshe, kwani mara nyingi ni meza imechanganywa na meza, na kumwaibisha kijana wa watu mbele ya wateja hakupunguzi hata shilingi. Lipa kwa till ya nyumba, uhakikishe jina linalotokea kwenye simu kabla ya kutia nambari ya siri, kisha ile bakshishi yake umpe mkononi, maana inayopitia till haijulikani inafika lini.

Chakula kikibaki, na kuku wa kienyeji hubaki, usione aibu kukifungasha. Ila kifungwe kwa karatasi au bakuli, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na ile kaveera iliyovuka na mgeni wako kutoka ng'ambo huweza kumletea maswali asiyoyatarajia. Tena bakuli liachwe kwa msimamizi hadi mtakaporudi, kwani mlangoni mwa uwanja hataruhusiwa mtu kuingia na paja la kuku.

La usafiri lipangwe mkiwa bado mna akili za asubuhi. Dereva atajwe kwa jina kabla ya kinywaji cha kwanza, naye asionje, kwa kuwa askari wa alkoblo hawana ada ya kungoja usiku siku za mechi, na kipimo cha sheria ni mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, ambacho mtu mwembamba hukifikia upesi kuliko anavyodhani. Mganda wako msindikize hadi kituoni, umpe nambari ya mwenye bodaboda wa upande wa pili, umwone amevuka. Na kama mpira ulikuwa wa Kanduyi na giza limeingia, msijaribu kuipita foleni ya malori kwa kuchukua upande usio wenu wa barabara, bali laleni Bungoma, ambako asubuhi supu ya mbuzi huanza kuuzwa saa kumi na mbili.